Nilimwambia Daktari ni Mayonaizi

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea ndiyo fani yangu. Nilimdanganya daktari huku rafiki yangu kalala mbele yetu anatafuta pumzi. Nilijua kilichompata. Kwanza nilinyamaza, halafu nikaona kunyamaza hakutoshi, nikamtaja mtu mwingine asiye na kosa.

Jina langu sitaandika. Niite Mama Neema, ingawa mwanangu haitwi Neema. Naishi kwenye senta moja ya machimbo, njia ya kwenda Bulyanhulu, na kazi yangu ni kuosha mchanga wa dhahabu pale karashani, mawe yanaposagwa. Wanawake tuko wengi kwenye kazi hii. Tunaosha, tunanasa dhahabu kwa zebaki, tunapata kidonge cheupe, tunakichoma motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki.

Sasa sikia ubaya wangu ulipo. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zebaki pale senta!

Wataalamu walikuja kutufundisha, wakataka mwanamke mmoja mwenye mdomo wa kuwafikishia wenzake. Watu wote wakageuza shingo kunitazama mimi. Nikapewa kifaa cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na kibomba, kinachonasa ule moshi usitoke. Nikawa napita nyumba kwa nyumba. Usichome zebaki ndani ya nyumba! Usichomee kwenye chombo cha kupikia! Usichome karibu na mtu! Niliyasema hayo mpaka watoto wakawa wananiigiza barabarani.

Kuna mama mmoja nilimkuta anachomea jikoni kwake. Unajua nilifanya nini? Nilimsimamisha kwenye kikao cha kikundi chetu cha waosha dhahabu, nikamsema mpaka akalia, nikataka atolewe. Akatolewa. Nikarudi nyumbani nimejaa sifa, nikijiona nimeokoa watu.

Na kifaa changu mwenyewe kilikuwa wapi wakati huo? Juu ya kabati. Nilikuwa natunzia humo vitunguu saumu.

Ngoja nikueleze kuhusu Jumapili zetu, ili uelewe nilichokichezea. Tulikuwa watatu. Mimi, Mama Kulwa, na Ester.

Mama Kulwa ni mtu wa Mhunze, kule Kishapu, mama wa mapacha, anauza vitenge sokoni. Hajawahi kugusa zebaki maisha yake yote. Kanisani kwetu ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za kwaya, na akianzisha hata walioko nje kwenye pikipiki wanazima injini. Ester ni mdogo kwetu, alikuja kutoka Ushirombo akafungua banda la chipsi jirani na stendi. Kilichomtoa ni mayonaizi yake. Anaipiga mwenyewe kwa mkono, mayai, mafuta na limau, watu wanatoka machimboni kilomita nzima kufuata chipsi za Ester kwa sababu ya ile mayonaizi.

Kila Jumapili baada ya ibada walikuja kwangu. Mimi kabla ya dhahabu nilifanya kazi jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na huko nilijifunza sandwichi. Si vile vimkate viwili vyembamba vyenye siagi katikati, hapana! Nachukua mkate ambao haujakatwa, nakata vipande vinene, vidole viwili. Nachukua nyama ya sarara, naiponda, naipaka tangawizi na pilipili manga, naikaanga kwa moto mkali. Juu yake yai, kitunguu cha kukaanga, nyanya, parachichi, halafu mayonaizi ya Ester. Ukiishika kwa mkono mmoja inakushinda.

Siku ya kwanza Mama Kulwa alipoiona aliniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, hii ni ya familia ngapi?" Alipomaliza akaegemea ukuta, akasema sasa ameelewa kwa nini wazungu hawapiki ugali.

Tunakula, tunakunywa bia zetu mbili tatu za baridi, tunasema watu, tunacheka. Jua likianza kushuka kila mtu anakwenda kwake kupika. Hakuna aliyelewa, hakuna aliyetukana mtu. Kwa wanawake wenye mizigo yetu, zile saa chache ndizo zilikuwa pumziko la wiki.

Jumapili hiyo ninayoisema, mvua ilianza tukiwa bado ibadani. Nilitoka mbio kuwahi nyumbani kuanza kupika. Nilikuwa na kidonge changu cha zebaki cha Jumamosi, kidogo tu, na mnunuzi alikuwa amesema atapita mchana aelekee Kahama. Kukichoma nje siwezi, mvua. Kukichoma kwa kile kifaa ni karibu saa nzima, na lazima nitoe vitunguu, nikioshe, nikikaze. Wageni wanakuja, nyama haijaguswa, jiko la mkaa ni moja.

Nikajiambia, mara hii tu. Kidonge chenyewe kidogo. Nitafungua dirisha.

Nikachukua kikaango changu cha chuma, kile kile cha nyama, nikaweka kidonge katikati, nikafunika na sufuria ndogo, nikakiweka motoni. Jamani! Mikono ile ile iliyokuwa inawaonyesha wenzangu picha za mapafu! Halafu nikakumbuka bia. Nikaona badala ya kukaa hapo nivute moshi, niende dukani kwenye friji nikachukue chupa, nikirudi kitakuwa tayari. Unaona akili yangu? Nilijua kabisa si moshi wa kukaa nao, ndiyo maana nilitoka.

Dukani nilikuta foleni ya watu waliojificha mvua. Nikapiga soga. Sikukawia sana, lakini nilikawia.

Nilirudi nikakuta mlango wa jikoni umefungwa. Dirisha limefungwa. Nikausukuma mlango, nikamwona Mama Kulwa kakaa kwenye kigoda, kanga imelowa, kainamia jiko la mkaa anaota moto. Ile sufuria ya kufunikia iko sakafuni.

"Karibu kwako," akaniambia anacheka. "Nimeloa, nikasema nijifungie nipate joto. Nimefunua nione unapika nini, kumbe unakaanga hewa! Kuna kajiwe tu humo."

Nikaweka chupa chini, nikafungua dirisha na mlango kwa pupa mpaka akashtuka.

"Kuna nini?"

Hapo, msomaji. Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia, Mama Kulwa, toka nje, umevuta zebaki, twende kituo cha afya sasa hivi. Angenisema, angenitukana, tungekwenda. Badala yake nilicheka. Nikasema, "Ni vitu vyangu vya kazi, usiviguse wewe mtu wa vitenge." Nikachukua ile dhahabu, nikaifunga kwenye karatasi. Kikaango nikakisugua kwa majivu na sabuni, nikakisuuza mara tatu, nikakirudisha motoni. Na nyama nikaikaanga humo humo, kwa sababu nilikuwa na kikaango kimoja, na kwa sababu kama ningekaangia kwenye sufuria angeniuliza kwa nini.

Alinisaidia kukata mkate. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, na mimi namsikiliza kila anapovuta pumzi.

Ester akaja na kopo lake la mayonaizi. Tukakaa barazani, mvua imepungua. Nikagawa sandwichi, nikafungua bia. Nilikula nusu, nyingine nikaiweka kando. Ester alimaliza yake akaomba nyingine. Mama Kulwa alikunywa bia mafunda mawili, akaiweka.

"Bia hii ina nini?" akauliza. "Mdomoni nasikia kama nimemumunya sarafu."

"Umezoea za bure, leo umenunuliwa ya kweli," Ester akamtania. Tukacheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote.

Saa kumi alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Akasema ni mvua ile. Saa kumi na moja alisema anasikia baridi, kichwa kinagonga. Ester akamfunika kanga, akataka kumsindikiza kwake. Nikasema, "Hiyo malaria hiyo, akapumzike." Nikawaangalia wanavyokwenda, mmoja kamshika mwenzake kiuno, na mimi nikabaki naokota chupa.

Asubuhi Baba Kulwa alinipigia. Mke wake ametapika, homa kali, kifua kinabana. Wako kituo cha afya. "Shemeji, njoo, anakutaja wewe."

Nilikwenda. Njiani nilijiapiza nitasema. Kweli nilijiapiza! Nilifika mpaka mlangoni nikiwa na maneno yote mdomoni.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, mpole, anaandika huku ananitazama. Shikamoo yake hata sikuiitikia vizuri. Mama Kulwa kakaa kitandani, hawezi kulala chali, mabega yanapanda na kushuka. Baba Kulwa kasimama kichwani kwake kashika kofia yake. Nikakaa kitandani kando yake, nikamshika mkono.

"Mama, jana mlikuwa pamoja?" daktari akaniuliza. "Mlikula nini? Mlikunywa nini?"

"Sandwichi. Na bia."

"Wewe uko salama?"

"Niko salama." Nami nilikuwa nakohoa tangu alfajiri.

"Mgonjwa anafanya kazi za machimbo? Anashika zebaki, sayanaidi, dawa zozote?"

Baba Kulwa akajibu haraka, "Hapana daktari, huyu ni wa vitenge." Daktari akanigeukia mimi, kama anayetaka kuhakikisha. Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango la zebaki. Bango lile nililibandika mimi kwa mkono wangu, na pale kituoni wananijua kama mwalimu.

Akilini nikaona kile kikao. Nikamwona yule mama niliyemliza, amekaa mstari wa mbele. Nikaona watoto wananiigiza.

Nikasema, "Labda mayonaizi. Si ya dukani, ni ya kutengeneza. Ina mayai mabichi."

Hivyo tu. Sentensi tatu. Daktari akaandika. Mama Kulwa akatikisa kichwa, akataka kusema kitu, kikohozi kikamkata. Wakamwekea dripu, wakampa dawa za tumbo na za homa. Daktari alipomsikiliza kifua alikunja uso, lakini chakula kibaya kilikuwa kimeshaandikwa, na kilitoka kwa mtu anayeaminika.

Baba Kulwa akanisindikiza mpaka nje. Mtu wa ng'ombe yule, si mtu wa maneno mengi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, shemeji. Wabeja sana. Mke wangu ana ndugu." Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini ubaya ukiuachia mguu mmoja unatembea wenyewe. Kufika mchana habari ilikuwa imeenea senta nzima: Ester kamlisha mtu sumu. Nilipopita stendi nikakuta watu wamezunguka banda lake. Mtu ameandika SUMU ubaoni kwa mkaa. Mwingine alikuwa anamwaga ile mayonaizi mtaroni, na mbwa wanafukuzwa wasiilambe. Mgambo wawili wamemsimamisha Ester katikati, apelekwe ofisi ya mtendaji akaeleze.

Aliniona. Uso wake ulifunguka kwa furaha! Alidhani nimekuja kumtoa.

"Mama Neema! Waambie! Na wewe si ulikula? Na mimi si nilikula mbili? Waambie!"

Watu wote wakanigeukia. Nikasikia sauti yangu inasema, taratibu, ya kistaarabu, sauti ile ya semina:

"Tusubiri majibu ya vipimo, Ester. Usiwe na wasiwasi."

Aliniangalia tu. Sijui alielewa nini saa ile, ila hakuniita tena. Akafunga kanga yake vizuri akaenda na wale mgambo.

Sikulala usingizi wa maana, hilo nisikuchoshe nalo. Asubuhi ya Jumanne nilichemsha uji wa ulezi, nikatia kwenye chupa ya chai, nikaenda kituo cha afya. Nilikuwa najiambia atakuwa ameamka nafuu. Nilishapanga na maneno: akipona tu, nitakwenda kwa mtendaji nimtetee Ester, niseme labda ni nyanya, yaishe kimya kimya. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, hata siku hiyo.

Hakuwa na nafuu. Midomo imebadilika rangi. Walikuwa wamemwekea kile kibano cha kidoleni kinachopima hewa ya damu, na kinalia pi, pi, pi, na kila kikilia daktari anakitazama halafu anatazama mlango. Pua imewekewa mpira wa oksijeni. Maneno anayasema mawili mawili.

"Ester," akaniambia. "Wamemfanya... nini?"

"Yuko salama, usiongee."

"Si yeye." Akavuta pumzi, ikakatika katikati. "Mayonaizi yake... nakula... kila wiki. Mwambie daktari. Si yeye."

Nikamwekea mto vizuri. Nikakohoa, nikageuza uso. Akanishika kitambaa cha gauni.

"Na wewe... unakohoa. Umekunywa... dawa?"

Mungu wangu. Mtu anazama, anauliza kama mimi nimekunywa dawa!

Daktari akaniita pembeni, Baba Kulwa akafuata. "Hili si tumbo," alisema yule binti, na sasa hakuwa mpole. "Tangu jana natibu tumbo, na kinachoharibika ni mapafu. Nimeomba rufaa, gari liko njiani, lakini hospitali watakayempokea wataniuliza chanzo na sina. Kuna kitu amevuta. Moshi, dawa ya wadudu, chochote. Nani alikuwa naye?"

"Shemeji alikuwa naye," alisema Baba Kulwa.

Nilifungua mdomo. Kile kibano kikaanza kulia mfululizo, bila kupumzika, nesi akakimbilia kitandani, na mimi nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi.

"Zebaki! Ni zebaki! Nilichoma zebaki jikoni, nikamwacha amejifungia nayo! Kwenye kikaango! Si mayonaizi, ni mimi!"

Wodi nzima ilinisikia. Daktari hakunigombeza, hakuwa na muda huo. Aliuliza maswali manne kwa haraka: kiasi gani, chumba kimefungwa muda gani, saa ngapi, nani mwingine. Nikajibu yote, majibu niliyokuwa nayo tangu Jumapili mchana. Tayari alikuwa na simu sikioni, anaieleza hospitali kubwa, anawaagiza manesi, wanambadilishia oksijeni. Watu wakawa wanafanya kazi kwa kujua wanachokifanya. Ilichukua dakika chache tu, na kuyaona hayo ndiko kulikonimaliza kabisa.

Baada ya kukata simu akanigeukia. "Kilichomuumiza si chakula alichokula. Ni ule mvuke. Ungesema jana asubuhi, jana asubuhi angekuwa ameshaondoka hapa." Alisema hivyo tu, akarudi kwa mgonjwa.

Baba Kulwa alikuwa amesimama pale pale. Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alikwenda kwenye kistuli, akachukua ile chupa yangu ya uji, akaifunga kifuniko vizuri, akaja akaniwekea mkononi. Halafu akafuata kitanda cha mke wake kinachosukumwa kwenda kwenye gari.

Hakufa. Nakwambia mapema usije ukasoma kwa hofu niliyokuwa nayo mimi. Alikaa hospitalini wiki nyingi, akarudi. Lakini amerudi na mapafu ya mtu mwingine. Kutoka kwake mpaka sokoni anapumzika mara mbili. Vitenge anavikunja akiwa amekaa. Kanisani bado anakwenda, anakaa benchi la nyuma, na wimbo ukianzishwa anaimba mstari mmoja, unaofuata anauachia wenzake. Mimi nakaa upande wa pili. Kila akiuacha ule mstari, nausikia.

Mimi nilitibiwa, nikapona kikohozi. Kwa mtendaji nilikwenda siku ile ile ya Jumanne, nikasema yote, Ester akaachiwa. Kikundi kilinitoa, na sikubisha. Yule mama niliyemliza kwenye kikao ndiye mwalimu sasa, na anafundisha vizuri kuliko mimi, kwa sababu hapigi kelele. Bango la kituo cha afya wamelibadilisha.

Nilidhani Ester akishaachiwa mambo yake yatarudi. Hayakurudi. Mkaa kwenye ubao ulifutika, lakini watu wakifika bandani walikuwa wanasema, "Usiniwekee ile nyeupe." Akavumilia mwezi, akafunga virago, akarudi Ushirombo.

Nilimfuata. Nilipanda gari asubuhi, nikamuulizia mpaka nikalipata banda lake jipya. Nilimkuta anamenya viazi. Nikapiga magoti pale pale chini kwenye maganda, nikasema yote niliyopaswa kusema. Alimaliza kumenya, akaosha mikono, akakaanga chipsi sahani moja. Akachukua kopo, akazimwagia mayonaizi mpaka zikafunikwa, akaniwekea mbele.

"Kula," akasema.

Nikala. Alisimama kaegemea nguzo, mikono kaikunja, ananitazama mwanzo mpaka mwisho. Wateja wawili walikuwepo, na wao wakawa wananitazama. Nilikula huku machozi na kamasi vinanitoka, nikafuta sahani kwa kidole.

"Wewe ulijua," akasema. "Pale stendi. Mimi nakuita, wewe unajua."

"Nilijua."

"Haya. Nenda salama, Mama Neema." Akarudi kwenye viazi vyake.

Kwa Mama Kulwa nilichelewa kwenda zaidi. Niliogopa. Nilipokwenda ilikuwa mchana, mapacha wake wako shule, Baba Kulwa yuko kwa ng'ombe. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, maji yale nikabaki nimeyashika.

Nikamwomba msamaha. Nilimwelezea mvua, jiko moja, mnunuzi, foleni ya dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, anapumua taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Moshi nimekusamehe," akasema. "Ule ulikuwa uzembe, na mimi nilifunga dirisha mwenyewe. Moshi niliusamehe nikiwa bado hospitali."

Nikaanza kulia kwa shukrani. Akainua mkono ninyamaze.

"Lakini Jumatatu ulikuja ukakaa kitandani kwangu. Ukanishika mkono. Nilikuwa nafikiri, angalau huyu yuko hapa, huyu ananijua, atanisemea." Akapumzika kidogo, akavuta hewa. "Na ulikuwa unanitazama nakufa ili watu wasikucheke. Hilo, mayu, nimejaribu. Kila siku nikiomba nalijaribu. Bado."

Nilimaliza maji, nikamshukuru, nikaondoka.

Wenzangu mnaochoma zebaki, mnajua wenyewe pa kuchomea, sitawafundisha tena, sina mdomo huo. Ninalowaambia ni jingine. Utakosea. Kila mtu anakosea jikoni kwake, kazini kwake, kwenye starehe zake na rafiki zake. Lakini kama hivi sasa unaposoma kuna mtu wako amelala wodini, na daktari anauliza maswali, na wewe jibu unalo ila unaogopa watu watakuonaje, tafadhali! Acha kusoma. Haya yangu yameshatokea, hayatabadilika. Simama, nenda kamwambie daktari, hata kama wodi nzima itakusikia.